Punje za njano kwenye matamvua ya jodari

SWALI: Daktari, nauza chakula cha mchana hapa Tanga. Juzi nilinunua kichwa cha jodari cha supu, nikafunua matamvua nikakuta vipunje vya njano vimejipanga kama mtama. Kimoja nilikibinya kwa ukucha, kikatoa uzi mwembamba uliojisokota. Nimepika vichwa hivi miaka mingi bila kuchungulia ndani. Je, wateja wangu nimewalisha ugonjwa?
Mama Lishe, Tanga

JIBU: Hujamlisha mtu ugonjwa, na supu endelea kuuza.

Ulichokibinya, kwa maelezo yako, ni kifuko cha minyoo bapa wa jamii ya didimozoidi. Ni ndugu wa mbali wa minyoo wa kichocho, ila hawa ni wa baharini. Jodari wanao sana. Nguru na chewa pia hupata. Kifuko kimoja mara nyingi kina minyoo wawili waliozongana, kazi yao kula na kutaga mayai. Wengine hukaa kwenye matamvua, wengine mdomoni, wengine katikati ya minofu, na hapo ndipo mpishi huona nyuzi za njano akadhani nyama imeoza. Jamaa yao mmoja anayeishi ndani ya Mola mola, samaki wa bahari kuu anayeweza kuzidi tani moja, hurefuka kupita mita 10. Kumtoa mzima bila kumkata ni kazi kweli kweli.

Viluwiluwi wao hupitia kwa konokono wa baharini, kisha kwa viumbe vidogo jamii ya kamba na visamaki, hadi jodari awameze. Binadamu hayumo katika safari hiyo. Moto wa jikoni huwaua, na hata mtu akimmeza mmoja akiwa hai, hawezi kukua tumboni mwake.

Kuna jambo moja huwatia watu hofu bure. Aliyekula samaki mwenye minyoo hawa akipima choo, maabara inaweza kuona mayai yao, kwa sababu hupita tumboni bila kusagika. Kabla ya kumeza dawa, akae siku chache bila kula samaki, kisha arudie kipimo. Mayai yakitoweka, yalikuwa ya samaki.

Sisemi kwamba minyoo yote ya samaki haina neno. Huko Misri, kwenye maji ya chumvi kiasi ya delta ya Nile, kuna minyoo bapa wadogo wanaompata mtu kwa kula mkizi asiyeiva au aliyetiwa chumvi tu. Na anayependa samaki mbichi wa baharini ajihadhari na anisakisi, mnyoo wa mviringo anayeweza kujichimbia kwenye ukuta wa tumbo. Huyo huuawa kwa kupika samaki hadi ndani, au kumgandisha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7.

Lakini mama, kama ni kuogopa kitu kwenye jodari, ogopa jua. Samaki huyu akishinda kwenye beseni bila barafu, bakteria walioko kwenye matamvua na matumbo yake hutengeneza histamini ndani ya nyama. Bakteria watakufa sufuriani; histamini haifi. Chemsha, kaanga, tia ndimu, bado ipo, na samaki anaweza asitoe harufu yoyote mbaya. Mlaji huhisi mdomo unawasha kama amekula pilipili, na katika dakika chache au saa moja hivi uso unakuwa mwekundu au wa moto, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, pengine na kuhara. Wengi husema "samaki amenikataa". Kwa kawaida hupoa ndani ya siku moja, na dawa za mzio husaidia. Akibanwa na pumzi au akizimia, apelekwe hospitali mara moja.

Kwa hiyo ukienda kununua, acha kuhesabu vipunje. Muulize mchuuzi kichwa kimetoka ndani ya deli lenye barafu au kimekaa mezani tangu alfajiri, kisha kiguse mwenyewe: kiwe baridi. Matamvua yatoe yote uyatupe kabla ya kupika, kwani ndiko bakteria wengi waliko. Na kama huna friji, nunua cha kupika siku hiyohiyo.