Statini: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Dawa hizi za kushusha lehemu zimewaepusha wengi na kiharusi na mshtuko wa moyo. Wanaoumizwa nazo vibaya, mara nyingi walichanganya dawa, walificha au walipuuza dalili.

FANYA

Taja kila dawa unayotumia. Ya fangasi, ya presha, na hasa ARV. Ritonavir huzuia ini kuivunjavunja simvastatini, dawa ikajazana kwenye damu, misuli ikaanza kumeguka na mabaki yake yakaharibu figo. Anayetumia ritonavir hapewi simvastatini kabisa. Zipo statini nyingine. Unaona haya mbele ya watu dirishani? Omba kuongea na mfamasia faragha. Lakini sema.

Misuli ikiuma bila sababu na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, acha kumeza, nenda hospitali leo. Usitulize maumivu hayo kwa diklofenaki: unazipiga figo ambazo tayari zinaumia.

Pima ini kabla ya kuanza. Mwenye ugonjwa mkali wa ini hapewi dawa hii.

Ukishika mimba, mwone daktari mara moja, wengi huachishwa. Anayenyonyesha asitumie.

USIFANYE

Usimeze klarithromisini wala erithromisini pamoja na simvastatini. Kikohozi hakistahili figo zako. Kama antibiotiki hiyo ni ya lazima, daktari atasimamisha statini kwa siku hizo.

Usichanganye simvastatini na gemfibrozili. Mwaka 2001 Bayer iliondoa sokoni cerivastatini baada ya vifo vya watu walioharibika misuli, na baadhi yao walikuwa wakimeza gemfibrozili pia. Somo hilo lililipiwa kwa roho za watu, na bado naona cheti chenye simvastatini na gemfibrozili!

Usijiongezee dozi. Ukitumia amlodipini ya presha, simvastatini isizidi miligramu 20 kwa siku.

Usinywe juisi ya balungi ukiwa kwenye simvastatini au atorvastatini. Chungwa la kawaida halina neno.

Usinunue vidonge vya mchele mwekundu kwa kuwa eti ni vya asili. Vina monakolini K, ambayo ndiyo lovastatini yenyewe, bila dozi ya kuaminika. Ukivijumlisha na statini yako, umemeza mbili.

Usiache dawa kwa maneno ya jirani. Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo akiacha ghafla, anajiweka hatarini upya. Imekushinda? Beba boksi lako, rudi kwa aliyekuandikia. Atapunguza dozi au atabadilisha.