SOMO LA BIASHARA: Kanuni ikishatangazwa, siku huanza kuhesabiwa bungeni

Kila Juni wafanyabiashara husogea karibu na redio kusikiliza hotuba ya bajeti. Bajeti ikishapita, wengi huona mambo ya Bunge yamekwisha hadi mwaka unaofuata. Lakini ada ya leseni, ushuru wa gunia na masharti ya ghala mara nyingi havimo ndani ya sheria iliyopitishwa na wabunge. Huwekwa baadaye katika kanuni, ambazo waziri hutunga kwa madaraka aliyopewa na sheria hiyo.

Somo la wiki hii linaeleza jinsi Bunge linavyokagua kanuni hizo, muda unaotumika, na wakati gani sauti ya mfanyabiashara inaweza kusikika.

Sheria mama na sheria ndogo

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, Ibara ya 97, inaruhusu Bunge kukabidhi madaraka ya kuweka kanuni zenye nguvu ya kisheria. Sheria inayotoa madaraka hayo huitwa sheria mama. Kinachotungwa chini yake ni sheria ndogo: kanuni za waziri, amri, na sheria ndogo za halmashauri. Nyingi hutangazwa katika Gazeti la Serikali na kupewa namba ya Tangazo la Serikali, ambayo wengi huiita GN.

Sababu ya mpango huu inaeleweka. Bunge haliwezi kukaa kujadili kila fomu na kila kiwango cha ada. Hata hivyo, sheria ndogo haiwezi kuvuka mipaka ya mama yake. Mfano mzuri ni ushuru wa mazao. Mwaka 2017 Bunge lilishusha ushuru huo kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Tuseme baada ya hapo halmashauri fulani iliendelea kudai asilimia 5 kwa sababu sheria yake ndogo ya zamani haikubadilishwa. Mwenye mpunga angelipa zaidi ya mara mbili ya kile ambacho Bunge liliruhusu. Hitilafu ya namna hiyo ndiyo inayotafutwa na kamati.

Kamati hufanya nini?

Bunge la 12, lililoanza kazi mwaka 2020, lilikuwa na Kamati ya Kudumu ya Sheria Ndogo. Kazi yake ilikuwa kuchambua sheria ndogo zilizowasilishwa mezani. Maswali ya msingi katika uchambuzi wa aina hii ni machache. Je, kanuni inapatana na Katiba na sheria mama? Je, mtunzi amekaa ndani ya madaraka aliyopewa? Je, imeandikwa kwa namna inayoeleweka, au ina makosa yatakayomwacha mtoza ushuru ajitafsirie mwenyewe?

Kamati haifuti kanuni. Huita wizara au halmashauri, hudai maelezo, kisha hupeleka taarifa na mapendekezo bungeni. Mwenye uwezo wa kutengua ni Bunge zima, kwa azimio. Mara nyingi mwisho wa safari ni marekebisho: wizara hutakiwa kurudi na kuandika upya kifungu chenye kasoro.

Ni muhimu pia kujua kamati haikuwekwa kwa ajili gani. Haijadili upya sera. Kama sheria mama imeruhusu tozo ya hadi Sh 10,000 na waziri ameweka Sh 9,000, kusema tu kwamba kiwango ni kikubwa ni hoja dhaifu mbele ya kamati, ingawa ni hoja nzuri mbele ya waziri au mbunge. Mfanyabiashara anayelalamika ajue kwanza kama tatizo lake ni la kanuni au la sheria yenyewe.

Hesabu ya siku

Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya mwaka 1996, Sura ya 1, iliweka utaratibu ufuatao. Kanuni zikishachapishwa, ziwasilishwe bungeni ndani ya siku 6 za vikao zinazofuata. Baada ya kuwasilishwa, taarifa ya hoja ya kuzitengua inaweza kutolewa ndani ya siku 14 za vikao. Kanuni zisipowasilishwa kwa wakati, au Bunge likipitisha azimio la kuzitengua, hukoma kutumika.

Maneno ya kuangalia ni "siku za vikao". Siku ambayo Bunge halikai haihesabiwi, na kwa kawaida Bunge hukutana mara nne tu kwa mwaka: Novemba, Januari hadi Februari, Aprili hadi Juni, na Septemba.

Chukua mfano wa kubuni. Kanuni imechapishwa mwanzoni mwa Julai, Bunge limekwisha kuahirishwa. Mkutano wa Septemba una siku 10 za vikao. Waziri akiwasilisha siku ya sita bado yumo ndani ya muda. Zinabaki siku 4, na 10 nyingine zitasubiri mkutano wa Novemba. Kalenda ya ukutani inaonyesha zaidi ya miezi minne, wakati kalenda ya Bunge inaonyesha siku 20.

Kanuni kwa kawaida huanza kutumika siku inapochapishwa, au siku iliyotajwa ndani yake, bila kusubiri kukaguliwa. Kwa hiyo muda wote huo mfanyabiashara analipa. Tuseme kanuni imeongeza Sh 2,000 kwa gunia, na mtu hupitisha magunia 40 kwa wiki. Hiyo ni Sh 80,000 kwa wiki. Kwa wiki 18 inafika Sh 1,440,000. Kanuni ikitenguliwa baadaye, kutenguliwa kwenyewe hakubatilishi yaliyokwisha kufanyika. Fedha hairudi yenyewe. Ngojangoja huumiza matumbo.

Fundisho la tozo za miamala

Mwaka 2021 Sheria ya Fedha iliingiza kifungu kipya katika Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa. Bunge liliruhusu tozo ya Sh 10 hadi Sh 10,000 kwa kila muamala wa kutuma au kutoa fedha kwa simu, na kuacha mpangilio wa viwango uwekwe na waziri kwa kanuni. Tozo ilianza kukatwa Julai 15, 2021, Bunge likiwa mapumzikoni. Wabunge walirudi Dodoma mwishoni mwa Agosti. Wakati huo wananchi walikuwa wamekatwa kwa mwezi mmoja na nusu, na mawakala wa fedha walikuwa wamekwisha kuona wateja wanavyobadilika.

Septemba 2021 Serikali ilirekebisha kanuni na kupunguza tozo kwa asilimia 30. Baada ya tozo kupanuliwa hadi miamala ya benki mwaka 2022, kelele zilizuka tena. Septemba mwaka huo Waziri wa Fedha alitangaza bungeni kwamba baadhi yake zingefutwa kuanzia Oktoba 1, 2022.

Kuna mambo mawili ya kujifunza. Kwanza, nafuu ya 2021 ilipatikana kwa kubadili kanuni, bila kungoja muswada mpya. Kiwango kilichowekwa na waziri kinaweza kushushwa na waziri, na hivyo malalamiko yenye hesabu yana nafasi. Pili, mwenye hisa anaguswa sawa na mwenye duka. Vodacom Tanzania, ambayo hisa zake ziliuzwa kwa umma kwa Sh 850 mwaka 2017, ilieleza kuwa tozo hiyo iliathiri biashara ya M-Pesa katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2022. Mwekezaji mdogo anaposoma muswada wenye maneno "waziri ataweka viwango kwa kanuni", asihesabu kuwa hatari imekwisha siku muswada unapopita. Bei yenyewe bado haijatajwa.

Ng'ambo ya mpaka

Wanaovusha mali Namanga, Holili au Sirari wanahitaji pia kujua utaratibu wa Kenya. Sheria ya mwaka 2013 kuhusu kanuni iliweka siku 7 za vikao tangu kanuni kuchapishwa ili nakala ifike bungeni. Ikichelewa, inapoteza nguvu. Kamati ina siku 28 za kutoa taarifa. Ikinyamaza, kanuni huhesabiwa kuwa imetimiza masharti. Aidha, mtunzi hutakiwa kushauriana na wahusika wa biashara kabla ya kutunga, na kanuni hufikia ukomo baada ya miaka 10 isipofutwa mapema au kuongezewa muda.

Pamoja na hayo, kuna maamuzi ambayo hayapiti mezani kabisa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa barua ya mamlaka yake ya kilimo, ikitaja sumukuvu. Siku chache baadaye ilifungua kwa masharti. Barua na waraka huweza kusimamisha malori haraka kuliko kanuni. Ndiyo maana swali la kwanza kwa afisa yeyote ni hili: agizo hili lina namba gani ya tangazo?

La kufanya

Mfanyabiashara au chama cha wafanyabiashara kifuate hatua hizi:

1. Kipate nakala ya kanuni yenyewe. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria za Tanzania, hivyo kanuni mpya zinasomeka bila mkalimani.

2. Kiandike tarehe tatu: ya kuchapishwa, ya kuanza kutumika, na ya mkutano ujao wa Bunge.

3. Kisome kifungu cha sheria mama kilichotajwa mwanzoni mwa kanuni, na kulinganisha viwango na masharti. Tofauti ikionekana, ndiyo hoja ya kupeleka kwa kamati.

4. Kipeleke barua fupi kwa Katibu wa Bunge na nakala kwa mbunge, ikitaja namba ya tangazo, kifungu chenye kasoro, na gharama kwa shilingi. Barua ifike kabla mkutano haujaanza, kwa maana ukishaanza siku huenda mbio.

5. Kitunze stakabadhi zote. Zikihitajika mahakamani au wizarani, maneno matupu hayatasaidia.

Mwenye duka husoma bei ya jumla kila asubuhi kabla ya kupanga bei yake. Nyongeza ya Gazeti la Serikali nayo ina bei ndani yake, na asiyeisoma huipata kwa mara ya kwanza kwenye kizuizi cha ushuru, gari likiwa limeshapakiwa.