Kupatanisha moduli mbili za HC-12

Simtanki liko mlimani, nyumba iko bondeni, na unataka kujua kiwango cha maji bila kupanda kila asubuhi. Kazi kama hii ina data kidogo na umbali mkubwa. Bluetooth haifiki, Wi-Fi inamaliza betri. Mimi hushauri HC-12, moduli ya redio inayopokea herufi kutoka Arduino na kuzitoa upande wa pili kama zilivyoingia.

Funga antena kabla ya kuwasha umeme. Kisha unganisha moduli na kompyuta kwa adapta ya USB yenye ishara za volti 3.3. VCC inakubali volti 3.2 hadi 5.5, GND huenda GND. TXD ya moduli iende RXD ya adapta, na RXD yake iende TXD. Wengi hukwama hapo kwa kuunganisha TXD kwa TXD.

Pini ya SET ndiyo inayoamua kila kitu. Ukiiunganisha na GND, moduli huacha kurusha data na kuanza kupokea amri. Fungua programu ya siriali kwa kasi ya 9600, andika AT, nayo ijibu OK. Ikinyamaza, badilisha alama ya mwisho wa mstari ujaribu tena. AT+RX huonyesha mipangilio yote. Kwa moduli mpya utaona kasi 9600, chaneli 001, nguvu +20dBm na FU3, yaani hali ya urushaji.

Sasa zipatanishe. Chaneli na hali ya FU lazima zilingane pande zote mbili, na kasi nayo iweke sawa. AT+C003 huipeleka moduli kwenye 434.2 MHz. Kwa tanki, mimi huchagua AT+B2400: katika FU3, kasi ndogo ya siriali hupunguza kasi ya hewani hadi 5000 bps, na kipokezi husikia ishara dhaifu zaidi. Ukiachia SET, kumbuka kubadilisha kasi ya kompyuta pia. Ukisahau kasi uliyoweka, usiitupe moduli: zima umeme, unganisha SET na GND, washa tena, nayo itapokea amri kwa 9600.

FU4 hufika mbali zaidi, ila kwa baudi 1200 tu, vifurushi visivyozidi baiti 60, kila kimoja sekunde mbili baada ya kingine. Kiwango cha maji kinaingia humo bila shida, picha haiingii.

Jaribu moduli zote mbili mezani, ukiwa umeshusha nguvu kwa AT+P1, kabla ya kupanda mlimani. Chaneli 001 hadi 004 pekee ndizo zilizo ndani ya bendi ya 433.05 hadi 434.79 MHz, iliyotengwa kimataifa kwa vifaa vya viwanda, sayansi na tiba katika kanda inayojumuisha Afrika. Baki humo, na uulize mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya, kiwango cha nguvu kinachoruhusiwa kabla ya kuiacha moduli ikirusha usiku na mchana.