Makali ya Patasi na Usalama wa Vidole

Mhariri aliniomba niandike habari za chama chetu cha useremala. Lakini badala ya kuhesabu madawati tuliyotengeneza muhula huu, nimeona yafaa niwaeleze wenzangu, hasa wa Kidato cha Kwanza wanaoanza kushika vyombo, jambo moja nililojifunza kwa kuumia. Jambo lenyewe ni hili: chombo butu kina hatari kuliko chombo kikali. Najua wazazi watakaosoma maneno haya watashangaa, maana nyumbani sote tumezoea kuambiwa, "Weka kisu hicho, kikali!"

Mwaka jana nalikuwa nikichonga tundu katika mguu wa dawati. Mbao ilikuwa ya mninga, na patasi ya nusu inchi, lakini makali yake yalikuwa yamekwisha. Sikujua kunoa, tena naliona haya kuuliza. Basi nikafanya kama wafanyavyo wageni wa kazi hii, nikazidisha nguvu. Mkono wa kushoto ulishika mguu wa dawati mbele ya patasi, na wa kulia ukasukuma. Patasi ikakataa, ikakataa tena, kisha ghafula ikateleza juu ya nyuzi za mti na kuingia katika kiganja changu chini ya kidole gumba. Nalishonwa zahanati, na kwa majuma matatu nalifuliwa nguo na wenzangu wa bweni, ambao hawajaacha kunikumbusha.

Jumamosi moja, kwa ruhusa ya mwalimu wa zamu, nalikwenda kwa fundi mmoja mzee wa hapa Mashewa. Nikampa shikamoo, nikamwonyesha patasi. Yeye hakuitazama, aliutazama mkono.

"Marahaba, mwanangu. Patasi ilikuwa butu, na mkono ulikuwa mbele."

Nikamwuliza amejuaje. Akanionyesha kovu lake, mahali pale pale.

Katika fizikia tumefundishwa kwamba mkandamizo ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo. Makali yaliyonolewa vema yana eneo dogo mno, kwa hiyo nguvu kidogo yatosha kukata, na nguvu kidogo mkono waweza kuizuia wakati wowote. Makali yaliyokufa yana eneo kubwa zaidi. Huna budi kusukuma kwa bega na kifua. Siku chombo kinapoteleza, nguvu yote ile huenda pamoja nacho, wala hakuna mtu awezaye kuirudisha.

Sasa nieleze kunoa. Patasi ina pande mbili: upande bapa na upande wa mshazari. Mshazari hukatwa kwanza kwenye jiwe la kuzungusha kwa pembe ya nyuzi 25 hivi, kisha ncha yake hunolewa juu ya jiwe la mafuta kwa nyuzi 30. Asiye na kipimo cha pembe na atazame urefu wa mshazari: ukiwa mara mbili na zaidi kidogo ya unene wa chuma, basi pembe inafaa. Kwenye jiwe la kuzungusha usikandamize, na uchovye chuma katika maji mara kwa mara. Ukiona ncha imegeuka rangi ya buluu, ujue joto limefika karibu nyuzi 300 za sentigredi na ugumu wa chuma umeondoka. Patasi hiyo hata ukiinoa asubuhi, jioni ni butu, mpaka sehemu yote iliyoungua isagwe iishe.

Juu ya jiwe la mafuta, tia matone machache ya mafuta ya cherehani. Laza mshazari mpaka usikie umekaa sawasawa juu ya jiwe, kisha inua mpini kidogo tu. Peleka mbele na kurudi kwa mikono miwili, bila kuupandisha na kuushusha mpini. Hapa ndipo tunapokosea sote. Mkono ukibembea, makali huwa ya mviringo. Tumia uso wote wa jiwe, usichimbe bonde katikati. Baada ya muda pitisha kidole kwa upole upande bapa, kutoka kwenye mpini kuelekea nje. Ukisikia kikwaruzo cha uzi mwembamba wa chuma toka pembe hata pembe, makali yamefika. Geuza patasi, laza upande bapa wote juu ya jiwe pasipo kuuinua hata kidogo, upeleke mara mbili tatu ili uzi ule ukatike. Malizia kwa kuburuta kwenye ukanda wa ngozi.

Kujaribu makali, watu wengi hunyoa nywele za mkono, nami nimewahi kujigamba hivyo. Lakini njia bora ni kukata ncha ya kipande cha mbao laini, pale nyuzi zilipokatwa. Patasi kali huacha uso unaong'aa, butu huziponda nyuzi na kuacha vumbi.

Fundisho la pili la mzee lilikuwa mikono. Mikono yote miwili ikae nyuma ya makali daima, na mbao ishikwe na kitu kingine. Sisi tuna jiriwa moja tu kwa wanafunzi kumi na wanane, kwa hiyo tumejitengenezea vibao vya kuzuilia. Ni kipande cha ubao kilichopigiliwa kijiti chini, upande mmoja, na kijiti kingine juu, upande wa pili. Kile cha chini hushika ukingo wa meza, na cha juu huzuia mbao isisogee unaposukuma. Kibao kimoja ni kazi ya nusu saa, na tangu tuwe navyo sita hakuna aliyejikata kiganja.

Patasi ikianguka mezani, iache ianguke. Usiidake, wala usiizuie kwa mguu. Kwa sababu hiyo hatumruhusu mtu kuingia na malapa, hata awe kiranja.

Msumeno haudhuru sana mtu mwenye subira. Anza kwa kuuvuta nyuma pole pole mara mbili tatu, kidole gumba kikiuongoza ubapa juu ya meno, kisha ondoa kidole. Kukata mti kwa kukingama, shika msumeno kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Kupasua kwa urefu, nyuzi 60. Misumeno ya kupasua na ya kukata si mamoja: ya kupasua ina meno makubwa kama patasi ndogo ndogo, na ya kukata ina meno yenye ncha kama visu. Meno hupindwa kidogo moja kulia, moja kushoto, ili njia iwe pana kuliko ubapa. Msumeno unaokwama na kurukaruka aghalabu umepoteza mpindo huo. Huko Japani misumeno hukata kwa kuvutwa, siyo kusukumwa, ndiyo sababu ubapa wake waweza kuwa mwembamba sana. Yetu ikisukumwa kwa hasira hupinda.

Neno randa limetujia kutoka Kihindi, na chombo chenyewe ndicho kinachopendwa kuliko vyote chumbani kwetu, kwa sababu ya maranda yake. Lakini sisi hutengeneza madawati ya zamani, na dawati la zamani ni ghala la misumari. Kwanza kwangua rangi, pitisha sumaku, ng'oa kila msumari, ndipo upige randa. Chuma cha randa kilichogonga msumari huhitaji saa nzima ya kusaga. Ukiiweka randa mezani, ilaze ubavu. Wengine hubisha kwamba si lazima juu ya meza ya mti iliyo safi. Meza yetu si safi.

Miti nayo ina tabia zake. Msaji, ambao wengi huuita mtiki na ambao hupandwa katika shamba la miti la Longuza wilayani Muheza, una chembe kama za mchanga ndani yake, nazo humaliza makali upesi, hata mtu akadhani amenoa vibaya. Mvule huweza kuficha mawe ya chokaa ndani ya kiini, yakavunja meno ya msumeno. Vumbi la mvule na la mninga huwawasha watu wengine pua, macho na ngozi. Wala si la kupuuzwa: mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu viletavyo saratani kwa binadamu. Sisi hufungua madirisha yote, hufunga kitambaa puani wakati wa kupiga msasa, na hunyunyiza maji kabla ya kufagia.

Nyundo yenye kichwa kilicholegea isitumike hata kwa msumari mmoja. Desturi ya kuiloweka katika ndoo ya maji ni ya kujidanganya. Mti huvimba, hujibana ndani ya chuma na kupondeka. Ukikauka, kichwa hulegea kuliko mwanzo. Tia kabari mpya.

Katika bonde hili la Lwengera adui mkubwa ni kutu. Wakati wa masika, patasi iliyoachwa na jasho la mkono hubadilika rangi kwa usiku mmoja, na kutu ikila makali, kunoa kwa jana ni kazi bure. Futa kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kitambaa chenye mafuta, na utundike. Usitupe vyombo vyote katika sanduku moja vigongane.

Na mtu akijikata? Akandamize jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu isimame, alioshe kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, kisha aende zahanati siku hiyo hiyo na kuuliza habari ya chanjo ya pepopunda. Mimi nalificha jeraha langu kwa saa tatu nikiogopa kufukuzwa chamani. Mganga alinigombeza kwa saa hizo tatu kuliko kwa jeraha lenyewe.

Chumba chetu hufunguliwa kila Jumamosi saa nane mchana. Patasi ile ya nusu inchi ingalipo, imetundikwa ya tatu kutoka mlangoni. Atakaye kujifunza kunoa na aje na kipande cha mbao laini, tuanze na hiyo.