Kabla ya kupiga fomati, soma dampo

Wanangu wa Elimu mtanicheka, maana somo langu ni Hisabati, si kompyuta. Lakini nilipokuwa field kwenye sekondari moja mkoani Geita, seva ya shule ilianza kuzimia. Umeme ulikatika usiku, ukarudi, mashine ikawaka vizuri kabisa. Ila ukifungua tu folda ya alama za Kidato cha Nne, inaanguka yote. Na alama zilikuwa zinatakiwa wiki ile ile.

"Dogo, piga fomati tuanze upya," akasema mwalimu wa taaluma.

"Mwalimu, naomba unipe hadi kesho."

Bahati nzuri programu zilikaa diski ya kwanza, alama diski ya pili. Ile ya pili nikainakili yote kwa dd kwenye diski ya nje, na majaribio nikayafanyia kwenye nakala. Hili usiliruke hata ukiharakishwa vipi.

Sasa, keneli ikifa inakufa na ushahidi wake, kwa sababu kilichokuwa kwenye memori kinapotea. Ndiyo kazi ya kdump. Unatenga kipande cha memori wakati wa kuwasha, mfano crashkernel=256M, humo inakaa keneli ya akiba. Ile kubwa ikianguka, ya akiba inaamka papo hapo, inaikuta memori ya marehemu kama faili /proc/vmcore, inaihifadhi ndani ya /var/crash. Hilo ndilo dampo, halihusiani na lile la nyuma ya bweni.

Kulisoma unatumia programu iitwayo crash, pamoja na vmlinux iliyobeba majina ya fanksheni zote, toleo lile lile la keneli iliyoanguka. Kuipakua kulimaliza bando langu la wiki. Amri ya log inakupa maneno ya mwisho ya keneli. Bt inaonyesha fanksheni zilivyoitana, ya mwisho ikiwa juu. Yangu ilikuwa na panic, chini yake ext4_handle_error, chini zaidi __ext4_check_dir_entry, halafu ext4_readdir. Yaani keneli ilikuwa inasoma orodha ya folda, ikakuta ingizo lenye urefu usiowezekana, na kwa kuwa aliyefunga seva aliweka errors=panic, ikajiangusha kwa makusudi! Angeweka remount-ro, diski ingegeuka ya kusoma tu na kazi zingine zingeendelea. Kwa seva ya shule, mimi ningechagua hiyo.

Kumbe kilichoharibika ni orodha, mafaili yenyewe huenda mazima. Nikapiga fsck -n kwenye nakala, ambayo inatazama bila kugusa, kisha fsck yenyewe. Folda ya lost+found ikajaa mafaili yasiyo na majina, namba tupu. Tukakaa na mwalimu tukifungua moja moja. Mkondo A na B tukavipata. C haikufunguka kabisa, tukaingiza upya kutoka kwenye daftari lake la karatasi, kwenye laptop yangu, hadi saa tano usiku, tukimulika kwa simu kwa sababu umeme ulikuwa umekatika tena.