Ukitishiwa Adhabu Katika Kesi Unayojisimamia

Umefungua kesi ya madai katika mahakama ya shirikisho nchini Marekani bila wakili, na sasa upande wa pili unaomba uadhibiwe, eti kesi yako haina msingi. Usikimbilie kuifuta kwa woga. Kanuni ya 11 ya mwenendo wa madai inakubana kama inavyombana wakili, lakini pia inakulinda.

Anza na tarehe uliyokabidhiwa ombi lao. Tangu marekebisho ya 1993, wanatakiwa kukukabidhi ombi hilo likiwa peke yake, kisha wasubiri siku 21 kabla ya kuliwasilisha mahakamani. Ukirekebisha au kuondoa kilicholalamikiwa ndani ya siku hizo, haliwasilishwi. Basi pitia madai yako moja moja: lenye ushahidi libaki, lisilo nao liondoe kwa maandishi. Kuondoa dai moja si kushindwa kesi. Wasipokupa siku hizo, liseme hilo mwanzoni kabisa mwa jibu lako.

Jaji akianzisha mwenyewe, siku 21 hazipo. Hata hivyo lazima kwanza atoe amri inayotaja kitendo chenyewe na kukutaka ueleze kwa nini usiadhibiwe. Jibu kitendo hicho tu, kwa Kiingereza. Huenda kusiwe na kikao, na hapo maandishi yako ndiyo kusikilizwa kwako. Ambatanisha tamko ulilosaini chini ya adhabu ya kusema uongo. Sheria ya shirikisho hailidai muhuri wa mthibitishaji. Kama huna fedha, onyesha mapato yako, maana adhabu haipaswi kuzidi kile kinachotosha kuzuia kosa lisirudiwe. Muda haukutoshi? Omba nyongeza kabla haujaisha. Kikao kikipangwa, uliza mapema habari ya mkalimani: katika kesi za watu binafsi, kwa kawaida mahakama hizo hazimgharamii.

Tishio la jela kwa kukaidi amri ya mahakama ni jambo jingine, tena zito zaidi. Katika Turner dhidi ya Rogers, 2011, mzazi alifungwa kwa kutolipa matunzo ya mtoto. Mahakama ya Juu ilisema wakili si lazima pale ambapo upande wa pili nao hauna, mradi mdaiwa ajulishwe kwamba swali kuu ni uwezo wake wa kulipa, apewe nafasi ya kuueleza, na mahakama itamke wazi kama anao. Nenda na hati za mshahara na kodi ya nyumba.

Ukiadhibiwa chini ya Kanuni ya 11, amri lazima itaje kosa na sababu. Isipotaja, una hoja ya rufaa, ambayo kwa kawaida hukatwa ndani ya siku 30 tangu hukumu ya mwisho.