MTIHANI WA MADAKTARI WA WATOTO: NANI ATUNGE SWALI?

Mtihani si mgeni kwetu. Tangu 1989, mtahiniwa wa KCSE wa Lodwar na yule wa Mombasa hujibu karatasi ile ile, kwa muda ule ule, nao husahihishwa kwa mwongozo mmoja. Huo ndio mtihani sanifu. Je, madaktari wanaosomea tiba ya watoto katika nchi zinazoendelea wapimwe vivyo hivyo?

Jambo hili latuhusu sisi wa Eldoret. Chuo Kikuu cha Moi kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka wa 1990, na siku hizi hufunza pia mabingwa wa magonjwa ya watoto. Mwaka wa 2015 hospitali ya watoto ya Shoe4Africa ilifunguliwa papa hapa mjini. Mama anayemleta mwanawe usiku kutoka Turbo hana nafasi ya kumwuliza daktari alipata alama ngapi. Anamwamini tu. Kwa hivyo, lazima awe amepimwa barabara.

Mtihani sanifu una faida. Haujali mtahiniwa ni mtoto wa nani. Aidha, huonyesha chuo kipi kinafunza vyema na kipi kinalegea. Basi wengine husema, "Si tuchukue tu mtihani wa Marekani au Uingereza?" Ngojeni kidogo.

Tuchukue mfano. Mtoto ana homa kali, hali yake ni mahututi, mikono na miguu ni baridi kwa kuwa damu haizunguki vizuri. Utafanyaje? Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha: mtie maji mengi mshipani, upesi! Ukijibu hivyo, unapata tiki. Lakini mwaka wa 2011 yalitolewa matokeo ya utafiti uitwao FEAST, uliofanyiwa watoto 3,141 wa namna hiyo nchini Kenya, Uganda na Tanzania. Wale waliokuwa wakiharisha sana hawakuhusishwa. Katika saa 48, kati ya kila watoto 1,000 waliotiwa maji kwa haraka, takriban 105 walifariki. Kati ya 1,000 ambao hawakutiwa maji hayo, walifariki 73. Mnaona? Tiki ya karatasini ingeweza kuwa kaburi wodini.

Je, tuutupe mtihani sanifu? La hasha! Tuutunge wenyewe, kutokana na wagonjwa wetu: malaria, nimonia, utapiamlo, watoto wachanga. Inawezekana. Wapasuaji wa Afrika Mashariki, ya Kati na Kusini walianzisha chuo chao, COSECSA, mwaka wa 1999, na watahiniwa wa nchi mbalimbali hufanya mtihani mmoja.

Hata hivyo, karatasi peke yake haitoshi. Mwaka wa 1975, Ronald Harden wa Dundee, Uskoti, alieleza mtihani wa vituo: mtahiniwa huzunguka kituo hadi kituo, hapa amkague mgonjwa, pale aeleze tiba, na kila mmoja hupimwa kwa orodha moja. Hapo kukariri hakusaidii sana, na mwakenya ndiyo kabisa! Mikono ndiyo inayosema.

Wenzangu mnaotamani udaktari, kumbukeni kwamba mtihani ni mizani. Mizani ya kupimia mahindi ya Uasin Gishu haifai kupimia dhahabu, ingawa zote ni mizani. Tuwapime madaktari wetu kwa haki, kwa kipimo kimoja, lakini swali litoke kwenye kitanda cha mtoto wetu.